Kuthunga na Kutunga: Jina la Mtunzi katika Historia ya Wanyama wa Shanga wa Cape Town

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya sanamu za wanyama zinazotengenezwa kwa shanga za kioo na wanawake wa Khayelitsha, Cape Town, kwa ushirikiano na wafinyanzi na wabunifu wa ndani na nje ya Afrika Kusini. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: katika kazi inayotokana na mikono ya watu kadhaa, jina la nani huandikwa, na jina hilo humletea haki gani? Makala yanaanzia kwenye mzizi wa Kibantu uliozaa kitenzi cha kushona katika Kixhosa na Kizulu na kitenzi cha kubuni kazi ya sanaa katika Kiswahili. Yanaonyesha kwamba wanawake hawa wamepita katika taratibu tatu za kutajwa: kwa jina la kabila, kwa jina la mtu binafsi, na kwa jina la undugu walilopewa na wabunifu. Hitimisho linatoa mapendekezo kuhusu istilahi, kumbukumbu za makumbusho na mikataba ya kazi za pamoja katika Afrika Mashariki.

1. Utangulizi: mzizi mmoja, hadhi mbili

Katika Kiswahili, kitenzi "kutunga" hufanya kazi ambazo lugha nyingine huzigawa. Msichana hutunga shanga, mvuvi hutunga samaki, malenga hutunga shairi, na Bunge hutunga sheria. Kutokana na kitenzi hicho limepatikana neno "mtunzi", ambalo leo halitumiki sana kwa msichana mwenye shanga wala kwa mvuvi. Mtunzi ni mtu mwenye jina juu ya jalada, ambaye sheria humpa hakimiliki na wahakiki humtaja anapofariki.

Kixhosa na Kizulu zina kitenzi "ukuthunga", maana yake kushona. Uhusiano wake na "kutunga" si wa kubahatisha. Sauti t ya Kiswahili hulingana na th ya lugha za Kinguni katika maneno mengi ya asili ya Kibantu: "tatu" kwa "-thathu", "tuma" kwa "-thuma". Wanaisimu linganishi huunda upya mzizi *-tung- wenye maana ya kupitisha uzi, kushona au kusuka, na mzizi huo umeenea katika eneo kubwa la Kibantu. Katika Kiganda, "okutunga" ni kushona na "omutunzi" ni mshonaji. Mzungumzaji wa Kiswahili anayetajiwa "omutunzi" jijini Kampala anaweza kudhani anapelekwa kwa mwandishi, kumbe anapelekwa kwa fundi cherehani.

Hivyo mzizi uleule umezaa mwenye jina upande mmoja na fundi wa kazi ya mikono upande mwingine. Tofauti hii ya maana imetokana na historia ya kila lugha, na haikupangwa na mtu yeyote. Hata hivyo, inatoa njia nzuri ya kuuliza swali ambalo wanawake wa shanga wa Afrika Kusini wamekutana nalo kwa zaidi ya karne moja na nusu: umthungi wa Khayelitsha huhesabiwa lini kuwa mtunzi?

Uchunguzi huu unahusu sanamu zinazosimama zenyewe, zilizovikwa shanga ndogo za kioo kwa sindano na uzi: simba wa rangi ya waridi, twiga mwenye madoa ya kijani, nyani mwenye meno mengi kuliko anayostahili. Wanyama wa waya na shanga wanaouzwa kandokando ya barabara za miji ya Afrika Kusini, ambao kwa kiasi kikubwa hutengenezwa na wanaume, wengi wao wahamiaji kutoka Zimbabwe, wana historia yao na hawajadiliwi hapa.

2. Shanga kabla ya sanamu

Shanga za kioo zilifika kusini mwa Afrika kwa njia ya bahari ambayo wasomaji wa Afrika Mashariki wanaifahamu. Kuanzia takriban karne ya 8, shanga kutoka Mashariki ya Kati na Asia Kusini zilipita katika bandari za mwambao, ikiwamo Chibuene katika kusini mwa Msumbiji ya leo, zikaingia bara kubadilishwa kwa pembe za ndovu na baadaye dhahabu. Biashara ya Sofala, ambayo Kilwa iliitawala katika enzi ya ustawi wake, ilikuwa sehemu ya mtandao huohuo. Shanga zimepatikana kwa wingi katika makaburi na makazi ya Mapungubwe, karibu na mto Limpopo, mji uliostawi katika karne ya 13.

Jambo moja katika akiolojia ya eneo hilo linagusa moja kwa moja mada ya makala haya. Katika makazi ya K2, yaliyotangulia Mapungubwe, mafundi hawakuridhika kuvaa shanga kama zilivyoletwa. Waliyeyusha shanga ndogo za kigeni katika kalibu za udongo, wakapata shanga kubwa za umbo walilolitaka wao. Tangu mapema, basi, shanga ilikuwa malighafi ya ubunifu. Dhana kwamba Mwafrika alipokea shanga kama mtoto anavyopokea peremende haina msingi katika ushahidi huu.

Katika karne ya 19 chanzo cha shanga kilihamia Ulaya, hasa Venice na baadaye Bohemia, na njia zake zikawa Cape na Port Natal, yaani Durban ya leo. Mnamo 1824 utawala wa koloni la Cape uliruhusu magulio katika ngome ya Fort Willshire, ambako Waxhosa waliuza pembe za ndovu na kupata shanga na vifungo. Vifungo vile vya lulumizi bado vinaonekana katika mavazi ya shanga ya Waxhosa. Katika Kixhosa shanga huitwa "intsimbi", neno ambalo pia hutaja chuma na kengele. Kwa Kizulu huitwa "ubuhlalu".

Wanawake ndio walioziunganisha shanga hizo kuwa ruwaza, na ruwaza zilikuwa na maana. Rangi na mpangilio viliweza kueleza umri, ndoa, uchumba, huzuni au mahali mtu atokako. Miongoni mwa waliolichunguza jambo hili mapema ni Regina Twala, msomi aliyechapisha mwaka 1951 makala kuhusu namna shanga zilivyoratibu maisha ya jamii ya Wazulu na Waswazi. Inafaa kukumbuka kwamba jina la Twala lenyewe lilififia kwa miongo mingi, hadi Joel Cabrita alipochapisha wasifu wake mwaka 2023. Aliyeandika kuhusu watunzi wasiotajwa aligeuka kuwa mmoja wao.

Huu ndio utaratibu wa kwanza wa kutajwa. Katika kumbukumbu nyingi za makumbusho za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, kazi ya shanga ina majina mawili: jina la mkusanyaji, ambaye alikuwa mmisionari, afisa au msafiri, na jina la kabila. Mkufu ni "wa Kizulu" na kibwebwe ni "cha Kixhosa". Mwanamke aliyeketi wiki kadhaa akihesabu shanga nyekundu na nyeupe hayumo. Kabila limechukua nafasi ya mtunzi.

3. Kutoka mwilini hadi mezani

Shanga zilizosimama zenyewe, bila mwili wa kuzivaa, zina mizizi katika wanasesere wa shanga waliokuwapo katika jamii kadhaa za kusini mwa Afrika, ambao walihusishwa na uchumba na uzazi. Soko la watalii liliwakuza wanasesere hao na kuwabadilisha. Katika KwaZulu-Natal, hasa kuanzia miaka ya 1980, wanawake wa vijiji vilivyo karibu na Durban walianza kutengeneza sanamu za kitambaa zilizofunikwa shanga: mabibi harusi, mabasi yenye abiria, ndege, ng'ombe.

Tukio muhimu kwa mtazamo wa lugha ni mradi wa Siyazama, ulioanzishwa Durban katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 chini ya uongozi wa Kate Wells, mhadhiri wa ubunifu. Jina lake, kwa Kizulu, lina maana ya "tunajaribu". UKIMWI ulikuwa unaangamiza familia, lakini wanawake wa vijijini walifungwa na "hlonipha", mfumo wa adabu na miiko ya lugha unaomzuia mwanamke aliyeolewa kutamka maneno fulani, yakiwamo mengi yanayohusu mwili na kujamiiana. Kiswahili kina tasfida, lakini hlonipha ni pana zaidi, kwa kuwa humlazimu mwanamke hata kuepuka silabi za majina ya wakwe zake. Katika warsha za Siyazama, jambo lisilotamkika lilishonwa. Mwanasesere aliyelala kitandani au aliyevaa utepe mwekundu alilieleza kwa niaba ya mwanamke ambaye kinywa chake kilikuwa kimefungwa.

Katika Siyazama ushirikiano wa mbunifu na mshonaji ulikuwa na mgawanyo unaoeleweka. Mbunifu alileta taarifa za afya, soko na nafasi ya kukutana. Mshonaji alileta stadi, hadithi na uamuzi wa namna ya kuisimulia. Kwa kuwa ujumbe ulikuwa wa mshonaji, ilikuwa vigumu kumwita mtekelezaji wa wazo la mwingine. Jambo hili litahitajika tena katika sehemu ya tano.

4. Jina kwenye lebo: Monkeybiz

Khayelitsha ilianzishwa na serikali ya ubaguzi wa rangi katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980, kwenye nyanda za mchanga za Cape Flats, mbali na katikati ya jiji la Cape Town. Jina lake kwa Kixhosa ni "nyumba mpya" au "makao mapya". Baada ya sheria za kudhibiti uhamiaji wa Waafrika mijini kufutwa mwaka 1986, watu wengi zaidi walifika kutoka Eastern Cape, na wanawake miongoni mwao walikuja na ujuzi wa shanga walioupata kwa mama na bibi zao. Kazi za ajira zilikuwa chache. Nyingi zilizopatikana zilikuwa za nyumbani kwa watu wengine.

Mwaka 2000 wafinyanzi wawili wa Cape Town, Barbara Jackson na Shirley Fintz, walishirikiana na Mathapelo Ngaka, msanii wa shanga, kuanzisha Monkeybiz. Jina hilo linachezea msemo wa Kiingereza unaomaanisha utundu au mchezo usio na adabu sana, nalo lilitangaza mapema tabia ya kazi zenyewe. Shirika, ambalo halikulenga kugawa faida kwa wenye mali, liliwapa wanawake shanga na uzi. Wanawake walifanya kazi nyumbani, wakiangalia watoto na wagonjwa, kisha wakaleta sanamu zilizokamilika na kulipwa. Idadi yao ilifikia mamia.

Uamuzi wenye uzito wa kihistoria ulikuwa na mambo mawili. La kwanza, hakukuwa na kielelezo cha kunakiliwa. Kila sanamu ilipaswa kuwa ya pekee, na rangi na umbo viliachwa kwa mshonaji. Ndiyo sababu wanyama hawa ni wa ajabu. Mwanamke wa Khayelitsha hakutakiwa kumwakilisha simba wa mbugani, ambaye pengine hajawahi kumwona. Alitakiwa kumtunga simba. Masikio marefu, macho yasiyolingana na tabasamu la kijanja ni matokeo ya uhuru huo. Mtazamaji anayeziita kazi hizi "za kitoto" hupuuza hesabu iliyomo: mistari ya shanga inayozunguka kiwiliwili kilichopinda lazima iongezwe na kupunguzwa kwa kiasi sahihi, la sivyo ruwaza huvunjika mgongoni.

La pili ni jina. Kila sanamu ilibeba lebo yenye jina la aliyeitengeneza. Kwa mnunuzi, lebo ni kitu kidogo. Kwa historia ya shanga za kusini mwa Afrika ni mageuzi, kwa kuwa nafasi iliyoshikiliwa na kabila kwa zaidi ya karne nzima ilichukuliwa na mtu. Mnunuzi aliyependa mkono fulani aliweza kuuomba tena kwa jina. Wanawake waliokuwa "kinamama wa shanga" wakawa na wapenzi wa kazi zao, na kutokana nao wakapata hoja ya kudai bei tofauti.

Utaratibu huu haukumaliza umaskini, wala malipo kwa kila kipande si sawa na mshahara wenye likizo na pensheni. Hata hivyo, ulithibitisha kwamba kulitaja jina hakuhitaji teknolojia wala gharama kubwa. Kunahitaji uamuzi, kitambaa kidogo na kalamu.

5. Ndugu na dada: mkusanyo wa Afreaks

Katikati ya muongo wa 2010, Nikolai na Simon Haas, ndugu mapacha waliozaliwa Texas mwaka 1984 na wanaofanya kazi Los Angeles kwa jina la Haas Brothers, walikutana na kazi za Monkeybiz walipozuru Cape Town. Walivutiwa na kufanana kwa mizaha yao na ile ya wanawake hao, wakapanga kazi ya pamoja. Matokeo yake ni mkusanyo ulioitwa Afreaks: viumbe wakubwa wasiojulikana katika elimu ya wanyama, na uyoga mrefu, vyote vikiwa vimefunikwa shanga. Umbo la jumla lilitoka kwa wabunifu. Ngozi ya shanga, yaani kile hasa ambacho jicho hukiona, ilitoka kwa wanawake. Mwaka 2016 kazi hizi zilionyeshwa jijini New York katika maonyesho ya miaka mitatu ya jumba la makumbusho ya ubunifu la Cooper Hewitt, yaliyokuwa na mada ya uzuri.

Wanawake walioshiriki walipewa jina la pamoja: Haas Sisters, yaani dada wa Haas. Huu ni utaratibu wa tatu wa kutajwa, na unastahili kuchambuliwa bila haraka ya kusifu au kulaani.

Kwa upande mmoja, jina hilo lilikuwa hatua ya mbele ikilinganishwa na desturi ya soko la ubunifu la kimataifa, ambako karakana inayotekeleza kazi mara nyingi haitajwi kabisa. Wabunifu walitangaza waziwazi kwamba hawakufanya kazi peke yao, na wakaweka wanawake wa Khayelitsha katika kiwango cha lugha kinachofanana na chao: kama wao ni "ndugu", hawa ni "dada".

Kwa upande mwingine, jina la ukoo ni la wabunifu. Katika lebo ya Monkeybiz mwanamke alikuwa na jina lake. Katika jina hili ameingizwa katika ukoo wa mwingine, kwa wingi, bila idadi. Baadaye ndugu hao walifanya kazi ya shanga na kundi jingine la wanawake katika mji wa Lost Hills, California, nalo likaitwa dada wa Haas wa mahali hapo. Jina lililoonekana kutaja watu mahususi likawa jina la nafasi ya kazi, ambayo wengine wanaweza kuijaza.

Wazungumzaji wa Kiswahili wana sababu maalumu ya kulitafakari neno "dada". Katika nyumba nyingi za Nairobi, Dar es Salaam na miji mingine ya kanda, mfanyakazi wa nyumbani huitwa "dada". Neno hilo ni la heshima, na watoto hufundishwa kulitumia ili wasimdharau. Wakati huohuo, limesaidia kuficha uhusiano wa ajira: dada hapewi mkataba, kwa kuwa ni wa nyumbani, wala hahesabiwi katika urithi, kwa kuwa si wa nyumbani. Jina la undugu hubeba wajibu katika jamii zote za Kibantu. Linapotumika bila wajibu wake, anayepoteza ni yule aliyeitwa ndugu. Katika Kixhosa pia "usisi" ni neno la heshima kwa mwanamke hata asiye wa ukoo, na "udade" humtaja dada wa damu. Swali linalofaa kuulizwa kuhusu jina lolote la undugu katika kazi ya pamoja ni lipi kati ya maneno haya mawili linakusudiwa.

Jina la mkusanyo wenyewe lina utata wake. Limeunganisha jina la Afrika na neno la Kiingereza linalotaja viumbe wa ajabu au vituko. Watetezi wake watasema ni mzaha wa watu wanaojihesabu wao wenyewe kuwa vituko, na kwamba ucheshi ndio roho ya kazi hizi. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini historia ya Ulaya kuitazama Afrika kama ghala la vioja ni ndefu, na mzaha hupimwa pia kwa mwenye uwezo wa kuutamka. Wanyama walitungwa na pande mbili, lakini jina waliloingia nalo katika makumbusho linachezea Kiingereza, lugha ya upande mmoja.

6. Mifano miwili ya kulinganisha

Historia ya Afrika Kusini ina mifano inayoonyesha kwamba njia nyingine ziliwezekana. Mwaka 1985 Fée Halsted, mfinyanzi, alianza karakana katika shamba la Ardmore chini ya milima ya Drakensberg, pamoja na mwanafunzi wake Bonnie Ntshalintshali. Vyombo vyao vya udongo vilijaa chui, pundamilia na ndege waliopanda juu ya mishikio na vifuniko. Mwaka 1990 wawili hao walipewa kwa pamoja tuzo ya Standard Bank ya wasanii vijana. Mwalimu mzungu na mwanafunzi Mwafrika walisimama kwenye orodha moja, kila mmoja kwa jina lake, miaka minne kabla ya uchaguzi wa kwanza wa kidemokrasia. Ntshalintshali alifariki mwaka 1999, na hadi leo anatajwa katika historia ya sanaa ya nchi yake kama msanii mwenye mtindo wake.

Mfano wa pili ni Ubuhle, neno la Kizulu lenye maana ya uzuri, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1999 na Bev Gibson na Ntombephi Ntobela katika KwaZulu-Natal. Wanawake wa Ubuhle hushona shanga juu ya kitambaa kilichotandazwa, kazi wanayoiita "ndwango", na kila ndwango ina jina la aliyeishona. Mwaka 2013 kazi zao zilianza kuonyeshwa katika jumba la makumbusho la Anacostia, Washington. Kikundi kimepoteza wanachama kadhaa, wengine kwa UKIMWI. Ndwango za waliofariki zimekuwa kumbukumbu yao, na nyingine zimeshonwa na waliobaki kwa ajili ya kuwakumbuka waliotangulia. Hapa inaonekana wazi kwamba jina halihusu bei tu. Mtoto wa marehemu anayeingia katika jumba la makumbusho anaweza kusoma jina la mama yake ukutani. Kama ubao ungesema "shanga za Kizulu", asingekuwa na cha kusoma.

7. Pengo la sheria

Sheria za hakimiliki na sheria za maarifa asilia zimekua kwa njia mbili tofauti, na mshonaji wa kazi ya pamoja huangukia katikati. Mkataba wa Berne, kupitia ibara iliyoongezwa Roma mwaka 1928, unampa mtunzi haki ya kudai kutambuliwa kuwa mtunzi, hata baada ya kuuza haki zake za kiuchumi. Lakini anayehesabiwa kuwa mtunzi mara nyingi ni aliyechora wazo na kulitia sahihi.

Kwa upande wa pili, Itifaki ya Swakopmund, iliyopitishwa na nchi wanachama wa ARIPO mwaka 2010, Sheria ya Kenya ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016, na Sheria ya Maarifa Asilia ya Afrika Kusini ya mwaka 2019 zimeweka mkazo kwa jamii kuwa mwenye haki. Hili ni jambo jema pale ruwaza ya jamii inapochukuliwa na kampuni bila ridhaa. Lakini mwanamke aliyebuni nyani mwenye macho matatu hakurithi nyani huyo kwa jamii yake. Alimtunga Jumanne mchana, kwa kutumia stadi aliyoirithi. Sheria ya kwanza humwona kama mikono ya mbunifu, na ya pili humwona kama sehemu ya kabila. Zote mbili hukaribia kurudia lebo ya makumbusho ya karne ya 19.

Dhana ya kisheria inayoweza kuliziba pengo hili ipo tayari, nayo ni ile ya kazi yenye watunzi zaidi ya mmoja ambao michango yao haitenganishiki. Katika kiumbe wa shanga, umbo na ngozi havitenganishiki bila kukiharibu chote. Ugumu uliopo ni wa mtazamo: wakati wa kuandika mkataba, kushona hakuonekani kuwa kutunga.

8. Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyofuatiliwa hapa haikwendi kwa mstari mnyoofu kutoka gizani kuelekea mwangani. Mwanamke wa shanga alitajwa kwa kabila lake, kisha kwa jina lake, kisha, katika maonyesho yenye hadhi kubwa zaidi, kwa ukoo wa mwingine. Kadiri kazi ilivyopanda hadhi, jina binafsi halikupanda nalo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini soko la sanaa limemweka mshonaji katika hali ambayo kazi yake hutunzwa mbali naye.

Suala hili linaihusu Afrika Mashariki, ambako ushirikiano wa wabunifu wa kimataifa na wanawake wa shanga, ukili na udongo unaongezeka, na ambako Kiswahili, kilichokubaliwa mwaka 2021 kuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kitatumika zaidi katika mikataba na sera. Mapendekezo matatu yanatolewa.

Kwanza, vyombo vya istilahi, ikiwamo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki pamoja na mabaraza ya kitaifa, vidhibiti istilahi "mtunzi mwenza" kwa kila anayefanya uamuzi wa rangi, ruwaza au umbo katika kazi ya mikono ya pamoja. "Fundi" libaki kutaja stadi, lakini lisitumike kumwondolea mtu utunzi.

Pili, makumbusho na vituo vya utamaduni viwe na sehemu ya mtunzi katika kumbukumbu zao inayopokea majina mengi, na jina la kabila au la kikundi lisikubaliwe katika sehemu hiyo pale ambapo majina ya watu yanaweza kupatikana.

Tatu, miradi inayofadhiliwa na umma isaini mikataba inayotaja washiriki kwa majina, mgawo wa mauzo ya awali, na utaratibu wa kuwataja katika maonyesho na machapisho. Mkataba uandikwe katika lugha wanayoielewa wanaoutia sahihi.

Katika Kinyarwanda na Kirundi lipo neno "gutunga", lenye maana ya kumiliki, na mali huitwa "umutungo". Katika Kinyarwanda cha kisheria neno hilohilo hutumika kutaja miliki ubunifu. Haidaiwi hapa kwamba asili yake ni moja na kutunga kwa shanga. Lakini katika eneo moja la lugha jirani, kushona, kubuni na kumiliki vinatamkwa kwa sauti zinazokaribiana sana, na mwanamke wa Khayelitsha amekuwa akifanya mambo mawili ya kwanza kwa muda mrefu.